Sina cha kuchanga kwa sasa. Nitamfaa jirani kwa njia gani?

Fundi_Jericho, Jumapili saa 3 usiku

Hamjambo nyote. Nina swali, naomba mnijibu kama mnavyomjibu ndugu yenu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana niliyofanyia kazi miaka tisa kule Industrial Area ilifungwa mwezi wa pili, na tangu hapo naishi kwa vibarua. Wiki nzuri napata siku tatu, wiki mbaya siku moja. Mke wangu anauza mandazi asubuhi na hizo ndizo zinazotuvusha. Kodi na unga vikishatoka, hakuna kinachobaki.

Kinachoninyima usingizi ni kikundi cha ploti kwenye WhatsApp. Kila usiku mweka hazina anatuma orodha ya waliochanga, jina na kiasi. Mwezi huu kuna michango mitatu: mazishi ya mama wa jirani wa chini, karo ya kijana mmoja wa sekondari, na bili ya baba wa orofa ya tatu aliyeanguka kwenye mjengo akavunjika paja. Huyo alipasuliwa, sasa yuko nyumbani na magongo, na kila Alhamisi anatakiwa kliniki. Jina langu halimo kwenye orodha hata moja. Juzi nilimsikia mkewe akishuka ngazi, nikajibanza nyuma ya tangi la maji mpaka akapita. Yule mama ndiye aliyekuwa akimletea mke wangu uji alipojifungua Neema. Nilisimama pale nyuma ya tangi nikasikia ndara zake zikienda mpaka getini, na sijasahau sauti hiyo.

Siku ninazo. Mikono ninayo. Nasoma na kuandika vizuri, naongea Kiswahili na Kikamba, na Kiingereza cha fomu kinanitosha. Mtu asiye na pesa hapa Nairobi anaweza kumfaa jirani kwa njia gani? Nataka njia ya kweli, si kumwambia mtu "pole, tuko pamoja" kisha naenda zangu.

Baba Neema

---

Mchangiaji_O, Jumapili saa 4 usiku

Pole kaka kwa kazi. Langu ni moja: toa damu.

Ukiwa na umri kati ya miaka 16 na 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, watakupima presha na wingi wa damu, kisha watatoa kama mililita 450. Mwanamume anarudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Hulipi na hulipwi. Mimi hutoa kwenye hema pale Kencom wanapolipiga, au naenda kituo cha damu karibu na Hospitali ya Kenyatta.

Wengi hudhani damu inawekwa ghalani kama mahindi. Chembe nyekundu hukaa wiki tano au sita kwenye friji, chembe sahani siku tano basi. Tena wanafunzi wa sekondari ndio sehemu kubwa ya wanaotoa hapa nchini, kwa hiyo shule zikifungwa, damu inaadimika. Agosti na Desemba ndiyo miezi ya kwenda.

Upasuaji wa paja unakula damu. Huenda huyo jirani yako aliongezewa ya mtu ambaye hatamjua maisha yake yote. Na ukisikia mtu wa ploti amelazwa na familia imeambiwa ilete watu wa kutoa, hapo ndipo pa kukimbilia. Kusanya wanne, mwende pamoja, mle kwanza na mnywe maji ya kutosha. Siku hiyo usinyanyue vyuma.

---

Mama_Dandora4, Jumatatu saa 12 asubuhi

Baba Neema, huyo mama uliyejificha asikuone, anza naye.

Nakwambia hivyo kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Mwaka 2019 mume wangu alipooza upande wa kulia. Tulifika hospitali alfajiri, mimi na yeye tu, kwenye kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilikuwa limekwama. Kadi dirisha hili, malipo dirisha lile, picha jengo la nyuma, maabara chini. Kila ninapofika naambiwa lete risiti kwanza. Ilipokaribia saa 7 nilimwacha kwenye benchi nikakimbia kulipa kabla keshia hajaenda kula. Pesa nilikuwa nazo, nimezifunga kwenye pindo la leso. Niliporudi nilimkuta sakafuni, kiatu kimoja kimetoka. Hakuna aliyemsukuma. Aliegemea upande usio na nguvu, akaenda.

Mwanamke mmoja aliyemleta mtoto wake kliniki ndiye aliyenisaidia kumwinua. Akachukua karatasi zangu mkononi akasema, "Kaa naye, foleni nitakupangia mimi." Alizunguka na karatasi zile mpaka saa 9, mtoto yuko mgongoni. Sikumpa hata soda. Jina lake silijui mpaka leo.

Tangu siku hiyo najua mgonjwa anahitaji watu wawili, mmoja wa kukaa naye na mmoja wa kukimbia. Wengi wana mmoja. Wazee wengi hawana hata huyo. Basi mimi nimejifanya mtu wa pili. Mume wangu alifariki 2021, watoto ni wakubwa, na Jumanne na Alhamisi zangu huwapa watu. Sina cha kuwapa zaidi ya miguu na daftari.

Hilo daftari nikueleze, kwa maana ndilo kazi yenyewe. Ni la kurasa 48, la watoto wa shule. Kila mtu ana kurasa zake. Naandika tarehe, daktari amesema nini, dawa gani, na siku ya kurudi. Kabla hatujatoka mbele ya daktari nahakikisha mambo matatu yamejibiwa: ana nini, dawa hizi ni mpaka lini, na akiona dalili gani akimbie asingoje siku ya kliniki. Ungeshangaa ni wangapi wanatoka mle ndani bila jibu hata moja, si kwa sababu daktari ni mbaya. Ni kwa sababu mtu mwenye hofu hasikii.

Kisha dawa. Kuna mzee wa Phase 4 nilikwenda kumwona, akaniambia dawa amemaliza na kifua bado kinamuuma. Nikaomba bahasha. Ni zile ndogo za kaki, juu imeandikwa 1x3. Ndani nikahesabu vidonge 18. Mzee alikuwa amekunywa kimoja kwa siku, siku tatu, akaacha, maana ndivyo alivyoelewa ile 1x3. Walitaka anywe kimoja mara tatu kwa siku, siku saba. Hakuna aliyekosea kwa kutaka, ila mzee nusura aende na kile kifua.

Sasa bahasha zote zikifika kwangu nazichora. Jua linalochomoza juu ya mstari ni asubuhi. Jua zima lenye miale ni mchana. Mwezi mwembamba ni usiku. Chini ya kila mchoro naweka nukta, nukta moja kidonge kimoja. Ikiwa ni za kunywa baada ya chakula nachora sahani. Ninamrudishia mgonjwa bahasha na kumwambia, "Nieleze wewe sasa." Akinieleza sawasawa ndipo naondoka. Shosho mmoja haoni vizuri karibu, huyo nilimchorea kwa kalamu nene, na dawa ya usiku tukaifunga uzi mweusi aitambue kwa vidole.

Jambo jingine ambalo halina gharama ni kumsimamia mtu anayemeza dawa za TB. Kijana mmoja wa ploti yetu, makanga, alizitupa siku ya tatu kwa sababu mkojo ulibadilika ukawa rangi ya chungwa. Alidhani figo zinakufa. Nilimrudisha kliniki, muuguzi akamweleza kwamba ni rangi ya dawa mojawapo, rifampicin, inapita kwenye mkojo na hata machozi, na haidhuru. Lingesemwa siku ya kwanza asingezitupa. Matibabu ni miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili, na kwenye hospitali za umma dawa ni bure. Lakini hatari ni mwezi wa tatu. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, kazi ameanza, anajiuliza nameza nini tena. Akiacha hapo vijidudu vilivyobaki vinazoea dawa, na ugonjwa ukirudi unakuwa mgumu zaidi kutibu. Nilipita kwake kila alfajiri kabla hajaenda steji, nikasimama mlangoni mpaka ameze. Dakika mbili. Siku nyingine hatukuongea, ananionyesha ulimi tu nami nageuka. Alimaliza.

Nimekosea pia, usidhani. Kuna mama nilimsindikiza, daktari akawa anauliza na mimi najibu, kwa kuwa naona mama anachelewa kusema. Tulipotoka nje akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku mkojo unamtoka bila kujua, na hilo ndilo lililomleta. Hakupata nafasi ya kulisema kwa ajili ya mdomo wangu. Siku hizi nauliza mlangoni: "Niingie au nikungoje hapa?" Nikiingia, nanyamaza. Na ninayoyasikia mle hayafiki kibandani. Siku yatakapofika, hakuna atakayeniita tena, wala sitastahili kuitwa.

Sasa kwako. Wewe ni mwanamume na yule ni mke wa mtu, kwa hiyo usiende kubisha peke yako mumewe akiwa kitandani. Panda na Mama Neema jioni, ukae na mumewe, useme naye yeye. Usimwambie "ukihitaji kitu nitafute." Hatakutafuta, kama vile wewe usivyoweza kumwambia mweka hazina huna. Mwambie, "Alhamisi sina kibarua, nitakuja saa 11 alfajiri nikushushe ngazi." Mtu wa paja anashukaje orofa tatu na magongo? Umewahi kufikiria mkewe anamshushaje? Wewe una mabega ya fundi wa vyuma.

---

Mkaazi_Umoja, Jumatatu saa 4 asubuhi

Mama, nakuheshimu, na ninayosema nayasema kwa nia njema. Hospitali haichukui michoro ya jua. Inachukua pesa. Kaka yangu alikaa wodini wiki tatu baada ya kuruhusiwa kwa sababu bili haijalipwa. Watu wakianza kusema miguu inatosha, michango itakufa na watu watafia humo ndani. Baba Neema, hata hamsini tuma.

---

Mama_Dandora4, Jumatatu saa 6 mchana

Mkaazi, pole sana kwa ya kaka yako. Sijasema pesa si kitu. Mwezi ninapokuwa na mia mbili nachanga mia mbili, na namwombea Baba Neema arudi kwenye orodha upesi. Lakini nimesema mume wangu alianguka nikiwa na pesa mkononi. Zile pesa hazikuweza kukaa naye kwenye benchi.

---

Kijana_Pipeline, Jumatatu saa 2 usiku

Fundi, umesema unasoma na kuandika. Hiyo ni mali.

Mimi kazi yangu kila Jumapili alasiri ni kukaa kwenye ngazi za ploti na kusaidia watu na simu zao. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, walinzi wa usiku na kina mama mboga wengi wa huku walibaki nje kwa sababu wana kabambe, simu ndogo za vitufe, na walidhani lazima uwe na simu kubwa au uende kulipa saiba. Kabambe inatosha. Unapiga *147#, kitambulisho kiko mkononi, unafuata. Kujiandikisha ni bure. Na aliyejiandikisha anatibiwa bila kulipa kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma, ngazi ya 2 na ya 3, hata kabla hajatoa mchango. Ukienda hospitali kubwa ndipo mchango unapodaiwa. Mama mmoja hapa alikuwa akinunulia mtoto dawa dukani kila mwezi na kituo cha afya kiko upande wa pili wa barabara.

Tahadhari mbili. Wasio na mshahara huulizwa kuhusu nyumba: ukuta ni wa nini, wanapikia nini, choo ni cha aina gani. Majibu hayo ndiyo yanaamua mchango wao, ambao hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Basi soma swali, ngoja, weka jibu lake yeye. Usimkisie. La pili ni PIN. Mwenye simu abonyeze mwenyewe nawe ugeuze uso ukutani, hata kama ni nyanya yako na amekuambia hakuna shida. Pesa zikipotea mwezi ujao kwa sababu nyingine kabisa, wewe ndiye utakayekumbukwa.

Muulize huyo wa paja kama wote nyumbani wameandikishwa. Watu humwandikisha baba wakasahau watoto.

---

Mwalimu_Kaloleni, Jumanne saa 1 asubuhi

Nyumba yenye mgonjwa ina watoto pia, na hao mara nyingi hawaonekani. Wakati mama yuko kliniki wanakaa wapi?

Jericho kuna maktaba ya Makadara, na huku kwetu ya Kaloleni. Zote ni matawi ya Maktaba ya McMillan, ile ya mjini iliyofunguliwa 1931, na zimekarabatiwa vizuri, meza na mwanga vipo. Wachukue wa orofa ya tatu pamoja na Neema, wakae saa mbili tatu na vitabu. Usiwafundishe. Soma chako, waone mtu mzima anasoma. Mtoto ambaye babake yuko kitandani anahitaji mahali ambapo haambiwi anyamaze kwa sababu ya mgonjwa. Anyamaze kwa sababu ya hadithi.

---

Fundi_Jericho, Jumanne saa 3 usiku

Asanteni wote. Nimesoma mara mbili, na Mama Neema nimemsomea. Kesho jioni tutapanda. Mama wa Dandora, nina swali: akikataa je? Mimi nikiwa yeye, na jina la jirani halimo kwenye orodha, sijui kama ningemfungulia.

---

Mama_Dandora4, Jumanne saa 4 usiku

Likiwa linakukwama kooni, lianze hilo. Mwambie, "Sijachanga kwa sababu sina kazi tangu mwezi wa pili." Useme mara moja, usirudie, kisha umweleze habari ya Alhamisi. Akikataa, mshukuru, shuka. Utakuwa umekwisha kuacha kujificha, na hilo pia ni faida kwa mkewe. Huoni kwamba naye alisikia kuna mtu nyuma ya tangi?

---

Fundi_Jericho, Alhamisi saa 2 usiku

Nimerudi kuwapa habari.

Jana nilisema kama mama alivyoniambia. Baba wa orofa ya tatu alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilidhani nimekukosea." Basi. Tukanywa chai.

Leo saa 11 alfajiri nilimshusha. Tulijaribu kwanza kwa magongo, ngazi zetu ni nyembamba na zina maji, tukaacha. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mimi nyuma, mlinzi wa geti mbele, mkewe akatangulia na tochi ya simu. Kila kituo cha ngazi tunapumzika. Dakika ishirini na kitu. Mkewe akaniambia Alhamisi iliyopita walishuka akiwa ameketi, ngazi moja moja kwa makalio, mguu ameushika kwa mikono miwili, na walikosa matatu ya kwanza.

Hospitalini nilipanga foleni ya kadi huku wao wameketi, kisha ya picha. Mkewe alikaa naye wakati wote. Saa 6 tulikuwa tumemaliza. Anasema wiki iliyopita alitoka saa 10. Niliuliza mlangoni kama niingie, akasema ingia. Yale matatu yamejibiwa, yako kwenye daftari. Mguu unaunga vizuri. Akiona shavu la mguu limevimba na linauma, au pumzi inambana ghafla, aende siku hiyo hiyo asingoje kliniki. Hilo hawakuwa wakilijua.

Jumamosi Mama Neema anakwenda maktaba na watoto watano. Nimepiga *147#, wawili wa mwisho wa orofa ya tatu hawakuwamo, tumewaweka.

Jambo moja limenishinda. Bahasha mbili nimezichora kama ulivyoeleza. Ya tatu imeandikwa "1 nocte". Sikuona tarakimu ya pili, na dirisha la dawa lilikuwa limefungwa tuliporudi kuuliza. Hajainywa bado, anangoja jibu langu.

---

Mama_Dandora4, Alhamisi saa 2 na dakika 10 usiku

Ni kimoja usiku, baba. Ni neno la Kilatini, wanaliandika sana. Chora mwezi, nukta moja chini yake, umpelekee sasa hivi kabla hajalala.